Joto la Kadi ya Michoro Huanzia Chumbani

Kompyuta ya gemu inayotumika katika Kata ya Katumba Songwe, wilayani Kyela, hufanya kazi katika hali ya hewa ambayo miongozo mingi ya matunzo ya kompyuta haikuandikwa kwa ajili yake. Miongozo hiyo huchukulia kwamba hewa inayoingia ndani ya mashine ina joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, ilhali katika uwanda huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari, joto la mchana huzidi nyuzi 30 mara kwa mara kabla ya mvua kuanza, na chumba chenye paa la bati lisilo na dari huwa na joto kubwa zaidi ya lile la nje. Makala haya yanatetea hoja moja, nayo ni kwamba joto la kadi ya michoro haliwezi kusomwa sawasawa wala kudhibitiwa pasipo kupima kwanza joto la chumba, na kwamba mmiliki anayeijua tofauti ya vipimo hivyo viwili amejikinga vizuri kuliko yule anayenunua feni ya ziada kwa kukisia.

Kadi ya michoro ni bodi ya kielektroniki iliyobeba kichakata maalumu, kumbukumbu yake yenyewe na saketi za kugawa umeme, na kazi yake ni kukokotoa rangi na umbo la kila nukta inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta, mara kadhaa wa kadhaa kwa sekunde moja. Takriban umeme wote inaoutumia katika kazi hiyo huishia kuwa joto. Kwa sababu hiyo, kiasi cha wati kinachotajwa na mtengenezaji ni kipimo cha umeme utakaolipiwa na ni kipimo cha joto litakalomwagwa chumbani kwa wakati mmoja. Kadi ya GTX 750 Ti, iliyotoka mwaka 2014, ilikadiriwa kutumia wati 60. GTX 1650 ya mwaka 2019 wati 75. RTX 3060 ya mwaka 2021 wati 170. RTX 4090 ya mwaka 2022 wati 450. Na RTX 5090 ya mwaka 2025 wati 575. Kadi zimekuwa na nguvu zaidi mwaka hadi mwaka, lakini hewa ya kuzipoza imebaki ni ileile.

Njia ambayo joto hilo huondolewa kwenye kadi ni rahisi kueleweka. Juu ya kichakata hupakwa pesti ya kupitisha joto, yaani ute mzito unaoziba nafasi ndogondogo zilizopo kati ya metali mbili zinazogusana. Pesti hiyo hupeleka joto kwenye bamba la metali, na kutoka hapo mirija ya shaba yenye kimiminika kidogo ndani yake hulisambaza kwenye mapezi membamba ya aluminiamu, ambako feni hupitisha hewa na kuliondoa. Katika mfumo huu wote feni haitengenezi baridi, bali hubadilisha hewa iliyokwisha kupata moto kwa hewa nyingine ya chumbani, na kwa hiyo hakuna feni, hata iwe kubwa kiasi gani, inayoweza kuishusha kadi chini ya joto la hewa inayoizunguka. Joto la kadi ni jumla ya sehemu mbili, yaani joto la chumba na nyongeza inayotokana na kadi yenyewe. Nyongeza hiyo hutegemea wati zinazotumika, hali ya pesti, usafi wa mapezi na kasi ya feni. Ikiwa mambo hayo manne hayakubadilika, kila uzi mmoja unaoongezeka chumbani huongeza takribani uzi mmoja kwenye kadi.

Ulinganisho wa Kyela na Jiji la Mbeya unaonyesha uzito wa jambo hili. Mbeya iko katika mwinuko wa takribani mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa takribani asilimia 15, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko wa feni. Kyela, kwa upande wake, upungufu huo ni wa takribani asilimia 5 tu. Kwa kigezo hicho peke yake kadi ingepaswa kupoa vizuri zaidi Kyela, lakini baridi ya nyanda za juu huifunika kabisa faida hiyo, kwa kuwa tofauti ya joto la hewa kati ya sehemu hizo mbili huweza kufikia nyuzi 10 au zaidi kwa siku ileile. Mashine iliyonunuliwa na kujaribiwa Mbeya, ikateremshwa kupitia Tukuyu hadi Kyela, itaonyesha joto la juu zaidi siku ya kwanza tu ya kuwashwa, bila ya kuwa na kasoro yoyote. Fundi asiyelizingatia hilo atabadilisha pesti isiyohitaji kubadilishwa, na mmiliki atalipia ugonjwa usiokuwapo.

Kusoma joto la kadi hakuhitaji gharama. Tangu sasisho la Mei 2020 la Windows 10, kidirisha cha kusimamia kazi cha mfumo huo huonyesha joto la kadi nyingi za michoro, na programu za bure kama vile GPU-Z, HWiNFO na MSI Afterburner huonyesha mengi zaidi, pamoja na kasi ya feni na wati zinazotumika kwa wakati huo. Msomaji wa programu hizo hukutana na vipimo vitatu ambavyo havipaswi kuchanganywa. Cha kwanza ni joto la jumla la kichakata, ambalo ndilo linalotajwa na watu wengi. Cha pili ni joto la sehemu yenye moto mkali kuliko zote ndani ya kichakata hicho, ambalo kwa kawaida huzidi la kwanza kwa nyuzi 10 hadi 15. Cha tatu ni joto la kumbukumbu ya kadi, ambalo si kila kadi hulionyesha. Kampuni ya NVIDIA huweka kikomo cha nyuzi 93 kwa RTX 3060 na nyuzi 90 kwa RTX 4090, wakati AMD ilieleza mwaka 2019 kwamba kwa kadi zake za familia ya RX 5700, sehemu yenye moto mkali kufika nyuzi 110 ni jambo lililotarajiwa katika usanifu wake. Kwa hiyo nambari moja inaweza kuwa ya kawaida kwa kipimo kimoja na ya hatari kwa kingine, na anayeuliza kama nyuzi 95 ni nyingi hana budi kueleza kwanza ni nyuzi 95 za wapi.

Kadi nyingi za kisasa, zaidi ya hayo, huzima feni zake kabisa wakati kompyuta haina kazi nzito, hadi joto lipite nyuzi 50 au 60 hivi. Katika chumba chenye nyuzi 32, kadi ya namna hiyo itakaa juu ya nyuzi 50 hata mtumiaji anapoandika barua tu, na hali hiyo haina madhara wala si dalili ya feni kufa.

Kipimo chenye maana kwa mkazi wa Kyela, basi, ni tofauti kati ya joto la kadi na joto la chumba. Utaratibu wake ni kuweka kipimajoto cha kawaida cha chumbani karibu na upande ambao kompyuta huvutia hewa, kucheza gemu ileile katika mipangilio ileile kwa muda wa nusu saa, kisha kuandika joto la chumba na joto la kadi, na kutoa la kwanza katika la pili. Chumba kikiwa na nyuzi 24 na kadi nyuzi 72, tofauti ni 48. Mwezi wa Novemba chumba kikifika nyuzi 33 na kadi nyuzi 81, tofauti bado ni 48, na afya ya kadi haijabadilika hata kidogo, ingawa nambari ya kioo imepanda. Lakini baada ya miezi kadhaa chumba kikiwa na nyuzi 30 na kadi ikafika 84, tofauti imekuwa 54, na hapo ndipo pana habari ya kushughulikiwa, kwa kuwa ama mapezi yameziba, au pesti imekauka, au feni imechoka. Anayetazama nambari ya kadi peke yake angehofia Novemba bila sababu, na huenda asiitambue kasoro halisi ilipokuja.

Utamaduni wa kupima si mgeni katika wilaya hii, ambayo ndiyo kitovu cha kilimo cha kakao nchini Tanzania. Mkulima anayepeleka kakao yake kwenye chama cha ushirika anafahamu kwamba punje huonekana kavu machoni na kumbe bado zina maji, na kwamba kinachoamua ni kifaa cha kupimia unyevu, ambao kwa kawaida hautakiwi kuzidi asilimia 8. Nidhamu hiyohiyo ya kutoridhika na macho wala kiganja ndiyo inayohitajika kwa kompyuta, kwa kuwa kasha linaloguswa na kuonekana la uvuguvugu huweza kuwa na kichakata kinachokaribia kikomo chake.

Wapo wanaodai kwamba ufuatiliaji huo ni kazi bure, kwa sababu watengenezaji wamekwisha kuweka kinga ndani ya kadi: inapokaribia kikomo hupunguza kasi yake yenyewe, na ikizidi sana hujizima. Dai hilo ni la kweli kwa nusu yake. Kinga hiyo hukilinda kichakata kisiungue papo kwa papo, lakini haizuii uchakavu wa polepole wa vipuri vinavyokizunguka, na vilevile humnyang'anya mmiliki kasi aliyoilipia, kwa kuwa kadi inayojipunguza kila jioni hufanya kazi ya kadi ya bei nafuu zaidi. Kanuni inayotumiwa na wahandisi kwa vihifadhi chaji vya kimiminika, ambavyo hupatikana katika vifaa vingi vya kugawa umeme, ni kwamba kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza umri wa kifaa hicho maradufu. Kinyume chake nacho ni kweli, na katika nchi ya joto kinyume hicho ndicho kinachotawala.

Historia ya sekta hii pia inaonya dhidi ya kuiachia kinga ya kiwandani kila kitu. Mwezi Julai 2007 kampuni ya Microsoft ilitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani kwa ajili ya kushughulikia hitilafu za mashine zake za gemu za Xbox 360, na kuongeza udhamini wake kufikia miaka 3. Mwaka uliofuata, mwezi Julai 2008, NVIDIA nayo ilitangaza gharama ya dola milioni 150 hadi 200 kutokana na malighafi dhaifu katika baadhi ya vichakata vyake vya kompyuta za mkononi, vilivyoshindwa kuhimili kupashwa moto na kupoa tena na tena. Kila metali hutanuka ipatapo moto na kusinyaa ipoapo, na viungo vya lehemu vinavyounganisha kichakata na bodi huchoshwa na mwendo huo. Ikiwa kampuni zenye maabara zilikosea hesabu ya joto, mmiliki mmojammoja hana sababu ya kuamini kwamba mashine yake haihitaji kutazamwa.

Dawa ya kwanza iko kwenye nyumba. Wanyakyusa wa zamani walisifika kwa nyumba za mianzi na paa za nyasi, ambazo zilipitisha hewa na kuzuia jua, ilhali nyumba nyingi za leo zina bati juu na madirisha madogo yanayofungwa kwa usalama. Hakuna anayependekeza kurudi kwenye nyasi, lakini dari ya mbao au ya jipsamu, matundu ya hewa chini ya paa, na dirisha la pili upande unaokabili la kwanza hushusha joto la chumba kwa namna ambayo kifaa cha ndani ya kompyuta hakiwezi kuishinda. Hesabu yake iko wazi kwa mwenye kibanda cha gemu: kompyuta nne, kila moja ikitumia wati 300, humwaga chumbani wati 1,200 za joto, na mlango ukifungwa joto hilo hurudi kwenye mashine zilezile lilikotoka. Feni ya kutolea hewa nje iliyowekwa juu ukutani, pamoja na nafasi ya hewa kuingia chini, huzisaidia kadi zote nne kwa mara moja. Kompyuta ikae juu ya meza, mbali na ukuta kwa angalau sentimita 15 upande wa nyuma, na isikae sakafuni, kwani huko hukusanya vumbi na, katika vijiji vya kandokando ya Mto Songwe unaofurika, huwa ya kwanza kufikiwa na maji.

Dawa ya pili ni usafi, ambao katika mazingira haya una sura yake. Vumbi la barabara, moshi wa kuni na mkaa, na unga wa pumba kutoka mashine za kukoboa mpunga hukutana na unyevu mwingi wa hewa ya ziwani na kuwa tando linalonata, tofauti na vumbi kavu linalopeperushwa kwa pumzi. Wadudu wadogo wa Ziwa Nyasa wanaojulikana kama kungu, ambao huruka kwa makundi mazito na kuvutwa na taa, huweza kuingia penye upenyo wowote. Kwa hiyo wavu mwembamba unaofuliwa kila wiki mbili mbele ya feni za kuingizia hewa ni wa lazima, na mapezi ya kadi yanastahili kupulizwa kwa blowa kila baada ya miezi 3, umeme ukiwa umechomolewa na mapanga ya feni yakishikiliwa yasizunguke. Pesti haina ratiba ya kalenda. Ibadilishwe tofauti ya joto inapopanda huku mapezi yakiwa safi.

Dawa ya tatu, ambayo haitumiki inavyostahili, ni kupunguza joto kabla halijazaliwa. Kioo cha kawaida chenye uwezo wa kuonyesha fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 kamili zinazopokezana, hakinufaiki na kadi inayotengeneza fremu 140, na zile zinazozidi ni umeme uliopotea. Kuweka ukomo wa fremu ndani ya gemu huondoa upotevu huo. Vilevile MSI Afterburner huruhusu kuweka ukomo wa wati, na kwa kadi nyingi kushusha ukomo huo hadi asilimia 80 hupunguza kasi kwa asilimia chache tu, kwa kuwa wati za mwisho ndizo zinazozaa matunda haba kuliko zote. Kadi ya wati 170 inayochezwa kwa saa 5 kila siku hutumia uniti 0.85 za LUKU. Ikiwekewa ukomo wa asilimia 80 hutumia 0.68, na chumba hupokea wati 34 pungufu wakati wote wa mchezo. Hakuna feni inayouzwa dukani yenye faida mbili kama hizo kwa bei ya sifuri.

Kuna pia dawa za uongo. Kipozahewa cha maji, ambacho hupuliza hewa kupitia kitambaa chenye unyevu, hufaa katika ukavu wa Dodoma, lakini katika hewa ya Kyela yenye unyevu mwingi maji hayavukizwi kwa wepesi, hivyo kifaa hicho huongeza kutu kuliko baridi. Barafu karibu na mashine, au kuiingiza kompyuta ya mkononi kwenye friji, husababisha matone ya maji kwenye bodi mara inaporudi kwenye hewa ya joto. Kufungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani ndani husaidia kwa siku chache, kisha tando la vumbi huudai msaada huo mara mbili. Na kuipasha kadi iliyokufa kwa hewa ya moto ili ifufuke, kazi ambayo baadhi ya mafundi huitoza fedha, huirudisha kwa wiki au miezi tu, kwa kuwa chanzo cha ufa katika viungo vya lehemu hakijaondolewa.

Mnunuzi wa kadi iliyokwisha kutumika anapaswa kuwa macho zaidi. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha mfumo uliotegemea kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Si zote ni mbovu, lakini kila moja ijaribiwe kwa nusu saa mbele ya mnunuzi, pamoja na kipimajoto cha chumba. Kwa kompyuta za ofisi zilizotumika, ambazo makasha yake ni membamba, busara ni kuchagua kadi isiyozidi wati 75, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachotolewa na tundu la bodi mama bila waya wa ziada.

Vyuo vya ufundi vya VETA na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya vina nafasi ya kulifanya somo hili kuwa sehemu ya mafunzo ya matengenezo ya kompyuta, kwa vipimo vilivyochukuliwa uwandani Kyela na nyanda za juu, badala ya majedwali yaliyotoka nchi za baridi. Mafundi waandike joto la chumba na joto la kadi kwenye risiti, kabla na baada ya kazi, ili mteja ajue alicholipia. Na mmiliki, kabla ya kutoa fedha kwa ajili ya feni, pesti au kadi mpya, anunue kwanza kipimajoto cha chumbani na daftari, aandike vipimo vyake kila mwezi, na amkatae fundi yeyote anayetaka kufungua mashine kabla ya kuvisoma.